Taa Nzima za Mzee Modeste

Alhamisi tarehe 30 Machi 1972, kabla hatujafunga kazi kwa ajili ya Pasaka, Mzee Modeste Mushagalusa atatuaga baada ya miaka ishirini na miwili ya kuendesha lori la kiwanda chetu cha mawese hapa Rumonge.

Alifika kutoka upande wa Uvira akiwa bado kijana, pamoja na mkewe, Mama Cibalonza. Tangu hapo ni mikungu michache ya chikichi ya vijiji vya Kizuka na Kigwena ambayo haikupanda lori lake. Siku ya Uhuru, mwaka 1962, aliwabeba waimbaji wa Kizuka kuja mjini kwenye sherehe. Lori alikuwa ameliosha tangu alfajiri, lakini mawese hayaogopi sabuni: waimbaji walishuka na makalio ya rangi ya chungwa kwenye nguo zao nyeupe. Walicheza hivyo hivyo, na mpaka leo wakimkuta sokoni wanamgeuzia mgongo ili akague.

Mwaka jana alianza kulalamika kwamba taa za mbele zimechoka. Lori letu ni la zamani, na taa zake ni za kioo kizima: waya umefungiwa ndani, na ukiungua unatupa taa yote. Fundi wetu Ramazani akapata jozi kwa mfanyabiashara wa Kigoma. Zilikuwa kali, lakini Modeste alizikataa palepale.

"Kule wanapita kushoto, sisi huku kuume. Nikiinamisha mwanga, hii taa itawapiga macho wenye kuja mbele yangu. Hapana, ndugu."

Ramazani akaagiza nyingine Bujumbura, za kuinamia upande wetu, zenye volti sawa na betri yetu. Akasugua kutu, akabadili nyaya, akapima umeme: ulikuwa unafika wote. Modeste akazunguka nazo jioni, akarudi akitikisa kichwa.

"Bado iko giza."

Mwezi wa kwanza mwaka huu, Ramazani akapanda naye ili ajionee mwenyewe. Walikuwa wakirudi kutoka Kigwena, jua limekwisha kuzama.

"Mzee, simama! Kuna wamama!"

Breki zililia. Hakuna aliyeguswa, beseni moja tu la ndagala lilimwagika. Modeste akashuka, akapiga magoti, akawa anaokota dagaa wale kwa kupapasa pamoja na mwenye beseni. "Unisamehe, mama," alirudia, "unisamehe." Kisha akamgeukia Ramazani.

"Wewe uliwaona tangu wapi?"

Ramazani anampenda kama baba, na angeweza kumdanganya. "Tangu kule darajani, Mzee."

Modeste alizitazama zile taa mbili kwa muda. "Basi taa ni nzima," akasema, akampa funguo.

Ramazani hakumwambia mtu. Ni Modeste mwenyewe aliyesimama mbele yetu asubuhi, kofia mkononi, akasema macho yake yamechoka, na kwamba hataki kuua mutoto wa mtu kwa sababu ya kupenda usukani. Wengi wetu tulitazama chini. Nyumbani haikuwa habari: Mama Cibalonza alimwambia kwamba tangu kabla ya Noeli alikuwa akimshikisha kikombe mkononi ili chai isimwagike, naye Mzee alidhani ni mapenzi tu. "Ni mapenzi pia," Mama akajibu.

Tangu siku hiyo amekaa kiti cha pili, akimfundisha dereva mpya, Hyacinthe, barabara nzima, shimo kwa shimo, bila kuhitaji kuliona hata moja.

Mzee Modeste, murakoze sana. Asante kwa kila mtu uliyemfikisha, na kwa wale wamama uliowajali kuliko kiti chako. Nyumba yenu ya Kigwena iwakalishe kwa amani, ziwa liwape mukeke, shamba liwape mihogo. Mwaliko wenu wa mwezi wa tano tumeupokea sote. Hyacinthe atatuleta na lori mchana kweupe, na tumesikia Mama Cibalonza amekwisha kuchagua mbuzi.