Binti wa Habakuki na Mwanga wa Kwanza

Kwenye benchi la Shukuru muuza kahawa, pale Ngombezi, leo hata karata hazikuguswa. Mzee Habakuki hakuwa na raha tangu alfajiri. Binti yake Loyce, msomi wa mambo ya anga, ameitwa Ncha ya Kusini ya dunia, kwenye barafu tupu, kupima mwanga wa kwanza wa ulimwengu. Jibu linatakiwa leo, na Loyce haendi bila baraka za baba. Mzee akawaletea wenzake habari hiyo wamtoe hofu. Wapi! Wakamwongezea.

— Mwanga wenyewe ni wa kale kuliko nyota zote, alisema. Umepoa, jicho haliuoni. Ila unatoka kila upande. Hata hapa unatupiga.

Mdoe, waliyemwita Setilaiti kwa kujua kila kitu, akajikunyata.

— Unatupiga sasa hivi?

— Sasa hivi.

— Ndo maana magoti yananiuma! Oya, hii noma.

— Kilichopoa kilikuwa moto, alidakia Elisha Korona, aliyepewa jina la mashine ya kuchakata mkonge aliyoiendesha miaka thelathini. Sasa moto ulioanzisha dunia unauchokoa ili iweje? Usimwamshe aliyelala, utalala wewe!

— Wataupuliza uwake upya, aliunga mkono Setilaiti. Tunaanza tena moja, hata nguo hatuna.

— Na kwa nini kule chini kabisa? aliuliza Shukuru.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alijibu Korona. Kule ndo mvunguni mwa dunia. Akiteleza, mzee, anadondokea wapi?

Habakuki alijua huo ni upuuzi, lakini aliiweka kahawa chini bila kuimaliza.

Mama mmoja, Josefina, alikuwa pembeni akisubiri gari la Korogwe mjini.

— Shikamoo mzee. Huko barafuni anakaa muda gani?

— Marahaba. Mwaka. Na miezi minane ya baridi kali hakuna ndege inayotua wala kuondoka.

— Sasa akifiwa huku, anarudije?

Wote walijua Habakuki ana miaka sabini na tisa, na Loyce hana mzazi mwingine. Hofu ya mzee tangu alfajiri ndiyo hiyo hasa, kuzikwa mwanawe hayupo, na hakuwa amethubutu kuitaja.

Simu ya mzee ikaita. Alikuwa Loyce.

— Shikamoo baba. Umeamuaje?

Mzee aliinuka kwenye benchi.

— Marahaba, mama. Nenda. Utanikuta.