Mama Stella Apanda Ndege Mwenyewe

Baada ya miaka ishirini na sita ya kuwapeleka wenzake angani, Mama Stella Kiden anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Januari 2026. Jumapili anapanda ndege. Ndiyo, yeye mwenyewe! Ofisi nzima ya tiketi ya Mawingu, hapa Arua na tawi la Koboko, furaha imetupanda kichwani.

Wateja wake wengi wana ndugu ng'ambo, na swali lao ni moja: huko ni mbali kiasi gani? Kilomita hazimwambii mtu kitu, kwa hiyo Mama Stella hupima kwa saa za kukaa ndani ya basi. Kutoka Entebbe hadi Melbourne ni kama kilomita elfu kumi na mbili, naye humwambia mteja: "Wewe ulienda Kampala na basi? Basi, hiyo iko kwenda na kurudi, lakini kusimama Pakwach kununua samaki hakuna." Mteja hucheka, uoga unamtoka.

Ujuzi huo haukuja bila aibu. Zamani, familia ya Mzee Lodu wa Koboko ilikuwa ikimngoja kijana wao kutoka Melbourne. Mama Stella aliwaambia ndege inatua saa kumi jioni. Kweli ilitua, ila Dubai, anakobadilisha ndege. Hilo alisahau kulisema. Ngoma zikapigwa, mbuzi akaliwa, na mgeni alipofika kesho yake akakuta mchuzi. Mzee Lodu alikuja ofisini akatoa amri: "Tangu leo, Dubai iko njia tu. Mbuzi inangoja mutu afike." Ikawa sheria yetu.

Sasa tuseme lile ambalo wateja hawalijui: mama huyu hajawahi kupanda ndege. Anaogopa. Mganga hajigangi, bwana! Binti yake Poni anaishi hukohuko Melbourne, na mara mbili Mama Stella alijikatia tiketi, mara mbili akaifuta akisingizia kazi nyingi. Mwezi uliopita mjukuu wake alimwuliza Poni kama bibi anaishi ndani ya simu. Mama Stella alilia palepale kaunta, nasi tukalia naye.

Kesho yake aliketi upande wa wateja, akamtaka Kabiru wa tawi la Koboko amweleze safari kama mtu asiyejua kitu. Kabiru hakubadili neno: "Mama, hiyo iko kwenda na kurudi Kampala. Samaki tu hakuna." Mama Stella alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Tiketi ikakatwa, na mpaka leo haijafutwa. Tunaichungulia kila asubuhi.

Mama Stella, asante kwa subira yako, kwa vicheko, na kwa kila familia uliyoikutanisha. Nenda ukapumzike, ule maisha na wanao. Mbuzi wako tumeshamnunua, amefungwa nyuma ya ofisi na anamaliza maua ya meneja. Ukipiga simu kutoka Dubai, hatuchinji. Tutangoja mpaka huyo mjukuu atuambie kwa mdomo wake kwamba bibi ametoka kwenye simu.