Kamba ya Mafundo: Maisha ya Mwalimu Anyesi Chilewa, 1938–1998

Mwalimu Anyesi Chilewa alizaliwa Gulwe, wilaya ya Mpwapwa, tarehe 3 Februari 1938, katika tembe la baba yake, marehemu Mzee Chilewa. Aliyemfuata ziwa ni Matonya, ambaye surua ilimpofusha angali mdogo. Matonya yupo hapa leo. Mpisheni njia.

Ndani ya tembe ni giza hata jua likiwa utosini, na ndama walilala humo humo na watu. Kwa hiyo kamba ya kila ndama ilikuwa na mafundo yake, mtu apapase ajue ameshika ndama yupi. Anyesi alipoona mdogo wake anagombana na kuta, alichukua kamba moja akaifunga kutoka mlangoni mpaka zizini, akatia mafundo ya kumwambia alipofika. Mama yake akamuuliza ndama sasa atafungwa na nini. Mtoto akajibu, "Ndama anaona."

Alianza shule mwaka 1947. Walikwenda wawili wameshikana mikono, akaingia mmoja. Matonya alirudishwa mlangoni, ikasemwa huyu akae na ndama. Neno hilo Anyesi hakulisahau. Nyumbani kwake alilitaja mtu aliyetaka ugomvi tu. Alisoma mpaka darasa la nane, akaingia chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1957.

Safari ya kwenda chuoni ndiyo iliyomkutanisha na mumewe, Yoramu Maganga, Mnyamwezi wa Tabora aliyekuwa kwenye gengi la reli pale Gulwe. Treni imesimama, binti yuko chini na sanduku, Yoramu amesimama na sururu yake anatazama. Binti akamwambia, "Wewe mtani, babu zako walibeba pembe mpaka pwani, wewe sanduku la mtoto wa shule linakushinda?" Alilibeba. Walifunga ndoa kanisani Mpwapwa tarehe 20 Agosti 1960, wakajaliwa watoto watatu. Mume hakusoma. Wasifu huu ameutamka yeye, binti yao Edina ameuandika, na kila Edina alipotaka kulainisha alikatazwa.

Marehemu alifundisha shule za msingi Mpwapwa na Dodoma miaka thelathini na sita. Alijifunza maandishi ya nukta nundu, na likizo alikwenda Buigiri kukaa na watoto wasioona, kwa nauli yake. Alistaafu mwaka 1993, akahamia na mumewe hapa Mkonze. Alisema atafuga kuku. Kuku waliliwa na kicheche, naye akaitwa kazini tena.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Kila mwenye chumba alifungua duka, na wenye elimu walifungua masomo ya ziada. Ikaanzishwa kambi ya likizo hapa mjini: watoto wa darasa la sita na la saba walale bwenini likizo ya Juni, wasome, wakirudi shuleni wawe wameiva. Mwalimu Anyesi akatafutwa awe mlezi wa bweni. Alikubali kwa sharti moja, kwamba mtoto asikataliwe kwa sababu ya mwili wake. Mkuu wa kambi alimwambia, "Mama, hii ni kambi ya masomo, siyo ya wagonjwa." Akamjibu, "Basi usiwaite wagonjwa, uwaite majina yao." Wakacheka, wakakubaliana. Wazazi wa watoto hao walilipa ada sawa na wengine. Hilo lieleweke, maana baadaye ilisemwa walikuwa wakisaidiwa.

Juni 1995 alipokea wawili. Nasma, aliyepooza miguu na kutembea kwa kutambaa, alipewa kitanda cha chini karibu na mlango. Fundi Rajabu alimtengenezea kiti cha mbao chenye tundu cha kuweka chooni, na ubao wa kupandia ngazi ya darasa. Hanifu alikuwa haoni. Kwa ajili yake Mwalimu alinunua kamba ya katani na kuifunga nguzo kwa nguzo, kutoka bwenini kwenda kila mahali. Fundo moja, choo. Mawili, darasa. Matatu, bwalo. Kabla ya kambi kufunguliwa alijifunga kitenge machoni akaitembea yote, mume wake akimfuata nyuma na kumcheka. Alijikwaa kwenye jiwe la bwaloni, likang'olewa siku ile ile. Yeye aliita hiyo kazi ya siku moja. Waliokataa baadaye waliiita gharama.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Hanifu alikuwa anafika bwaloni kabla ya wenye macho, wakamwita Treni kwa kuwa ana reli yake. Alipenda jina hilo. Mwaka wa pili akarudi, maana sasa mtihani ulikuwa wake.

Tarehe 22 Juni 1996 ilikuwa siku ya kufunga kambi, na mgeni rasmi alikuwa anakuja. Turubai la wageni likakosa uzio wa kuwazuia watoto wasisogelee viti na soda. Mkuu wa kambi akaona kamba. Akaagiza ifunguliwe, ikafunguliwa, ikazungushwa kwenye turubai na kutundikwa vitambaa vya rangi. Mlezi alikuwa jikoni. Hakuambiwa. Hanifu hakuambiwa. Kengele ikalia, mtoto akatoka bwenini, akafika kwenye nguzo, akanyoosha mkono. Akasimama hapo na mkono wake hewani huku wenzake wakimpita mbio. Mwisho akaamua kwenda kwa kukumbuka. Uwanjani palikuwa na shimo la chokaa ya majengo. Akaanguka, akavunjika mguu juu ya goti.

Mgeni rasmi aliambiwa ni uzembe wa mlezi. Hotuba ziliendelea. Mlezi alimbeba mtoto mpaka barabarani, hotuba zikisikika. Mtoto hakulia. Alimwambia, "Bibi, kamba imeondoka bila kuaga." Septemba wenzake walifanya mtihani. Yeye alikuwa hospitalini, mguu umening'inizwa.

Waliofungua kamba hawakuadhibiwa. Waliofukuzwa ni watoto. Kambi ikatangaza haipokei tena watoto wa namna hiyo, kwa usalama wao wenyewe. Mwalimu Anyesi alisema, "Wamechimba shimo, na anayefukuzwa ni aliyetumbukia." Akaacha kazi ya mlezi. Akamfundisha Hanifu yeye mwenyewe, hapa barazani, mtoto akafanya mtihani mwaka uliofuata, akafaulu. Lakini wengine walikuwa nyuma yake, nao hawakuwa na baraza. Kwa hiyo marehemu alikwenda kambini, akarudi, akaenda tena. Alionana na kila aliyekubali kumwona. Waliokataa aliwasubiri njiani akawaamkia kwa heshima, na hilo waliliogopa zaidi.

Alikuwa na presha tangu 1994, akinywa dawa. Jumatatu tarehe 4 Mei mwaka huu alikwenda kuomba nafasi za Juni. Alikalishwa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka alasiri, ndipo mkuu wa kambi akatoka akamwambia, "Mwalimu, tumekusikia. Mwaka huu pamejaa." Alirudi nyumbani akaomba maji. Akamwambia mumewe, "Baba Edina, pamejaa. Lakini nimekaa pale, na wengine wanaandikishwa mbele ya macho yangu." Alfajiri mdomo ulikuwa umepinda na upande wa kulia umekufa.

Hospitali walijitahidi, na muuguzi Bupe ashukuriwe. Marehemu hakusema neno tena. Ijumaa jioni alishika pembe ya shuka kwa mkono wa kushoto, akaibana kwa meno, akafunga fundo. Wakadhani anataka choo. Mumewe akaichukua pembe ile akapapasa. Yalikuwa mawili. Alifariki asubuhi ya Jumamosi, tarehe 9 Mei 1998, akiwa na miaka sitini.

Hakuuawa na mtu. Presha ni ugonjwa. Lakini benchi lile lina mwenyewe, naye ameketi mstari wa mbele na shada la maua. Aliomba apewe nafasi ya kusema machache. Pamejaa.

Ameacha mume, Yoramu. Watoto, Edina, Anthony na Yasinta. Mdogo wake, Matonya. Na wajukuu sita. Ameacha pia Hanifu na Nasma. Hao hakuwazaa, lakini wameandikwa hapa kwa amri ya mume.

Kamba mnayoiona imefungwa kutoka mlango wa nyumba mpaka kaburini ni ile ile. Mume aliifuata kambini Jumapili, akaikuta stoo na vitambaa vyake. Matonya na Hanifu watatangulia nayo kutia udongo, bila kushikwa mkono na mtu. Fundo la kaburini halikuwepo. Matonya amelifunga leo asubuhi, la nne. Mgeni ambaye inamkwaza na airuke. Asiifungue mtu.

Anyesi, amani iwe yako. Sisi bado.