Nati Mbili za Silinda ya Nne

Njooni karibu nyote wawili, maana sauti niliyobakiwa nayo haifiki mlangoni. Wewe binti yangu, kitinda mimba, tia hizo funguo za gari mfukoni, uache kusimama kama mtu aliyeingia kuulizia njia. Keti upande huu wa kitanda. Na wewe kaka yake, kifungua mimba, keti upande ule. Najua ni miaka kumi na mmoja hamjakaa chumba kimoja, kwamba mmoja akija kunijulia hali mwingine hutoka kwa mlango wa jikoni, nami nimekuwa nikiisikia milango hiyo ikipokezana huku nikijifanya nimelala. Leo nimewaita wakati mmoja kwa makusudi. Msinikatize. Mkinikatiza nitapata kisingizio cha kunyamaza, na nimenyamaza vya kutosha. Mungu ameniongezea siku hizi chache si kwa kustahili kwangu, bali kwa sababu kuna neno limenikaa kooni na hataki kunipokea nalo.

Nyumba hii ni yenu sawa kwa sawa, wala hakuna wa kuiuza bila mwenzake kutia sahihi. Kiwanja cha nyuma, vivyo hivyo. Karatasi zimo katika sanduku chini ya kitanda hiki. Kuhusu mashine ya kukereza chuma nitasema baadaye, kwa kuwa siwezi kuitaja kabla ya kusema nilivyoitumia kutenda dhambi.

Binti yangu, ulikuwa na miaka ishirini na minne ulipoileta ile injini kwenye mkokoteni, silinda nne, kutu tupu, ukaishusha bandani mwangu ukasema, "Baba, hii nitaifunga turbo." Nikacheka. Nikakuambia turbo si pambo la kuwaringia watu. Ni feni ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka, ili isukume hewa nyingi zaidi ndani ya silinda, na injini isiyoandaliwa kwa hewa hiyo hupasuka. Ukanijibu bila kuinua macho, "Basi nitaiandaa." Maneno mawili tu. Hukunivunjia heshima, lakini mimi niliyasikia kama kofi, kwa maana katika miaka thelathini ya kufungua injini za watu sikuwahi kuthubutu kuisema kauli hiyo.

Ulipoomba kutumia mashine ya kukereza, nilikuambia gia yake imekatika, nikaifunga kwa kufuli. Gia haikukatika. Huo ndio uongo wangu wa kwanza, uandikwe. Nilidhani bila mashine utachoka, utakuja kunipigia magoti, nami nitakutengenezea vifaa mwenyewe na watu watasema, tazama kazi ya Mzee Spana. Hukuja. Ulikata vipande vya bomba kwa msumeno wa mkono, ukavipima kwa vielelezo vya katoni, ukavichomelea kimoja kimoja hadi mabomba manne ya moshi yakakutana mahali pamoja, yamejikunja vizuri kuliko chochote kilichowahi kutoka kiwandani. Kile kibamba cha chuma cha kushikia turbo ulikisawazisha kwa msasa uliouweka juu ya kioo cha dirisha, siku tatu, mikono ikizunguka, ikizunguka. Ulipokwenda kuoga, niliingia bandani na rula yangu ya chuma, nikaisimamisha juu ya kibamba, nikatazama kama kuna mwanga unaopita chini yake. Haukupita. Nikaigeuza rula. Haukupita. Nikapima mara ya tatu nikiomba, naam, nikimwomba Mungu aliye hai anionyeshe kasoro katika kazi ya mwanangu. Uliporudi ukauliza, "Vipi, Baba?" nikasema, "Inatosha." Kilikuwa kimenyooka kuliko chochote nilichowahi kutengeneza, nami nikakupa neno ambalo mtu humpa anayempakulia chakula.

Kisha akaja yule mwenye lori. Mnamkumbuka, mtu wa tumbo, mwenye sauti ya gulioni. Akasimama getini: "Namtafuta fundi." Nikamwambia, "Umefika, ndiye mimi." Akaninyooshea mkono kwa adabu, akasema, "Hapana, mzee wangu, namtaka yule mwenyewe." Yule mwenyewe! Nilimwonyesha bandani kwa kidole, kisha nikaingia chumbani humu, nikakaa ukingoni mwa kitanda hiki, na kijicho kikaingia pamoja nami, kikaketi, na hakijatoka hadi leo. Mama yenu aliniletea maji. Nikamwambia ni joto.

Sasa tega sikio wewe, mwanangu wa kwanza, kwa sababu yanayofuata umeyabeba wewe.

Mnajua sheria ya banda letu, niliiweka mimi. Anayekaza nati kwa spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu ya mkazo, huichora mstari wa rangi nyeupe, na mstari huo ni kiapo. Nati yenye mstari haiguswi tena, kwa kuwa kuigusa ni kumwita mwenzako mwongo. Siku ya kufunga injini dada yako alikuwa nje akimalizia kuchomelea bomba la moshi la nyuma, na alikukabidhi wewe nati nane za konrodi, ile mikono ya chuma inayosukumwa na pistoni, mbili kwa kila silinda, kwa kuwa alikuamini kuliko alivyojiamini mwenyewe. Ulikaza sita, ukazichora. Mkeo akapiga simu kutoka zahanati, mtoto ana homa kali. Ulisimama katikati ya banda, spana mkononi, hujui uende au ubaki, nikakuambia, "Nenda, mwanangu, nitamalizia." Ukanishukuru. Ulinishukuru mara mbili.

Nilipiga magoti mbele ya silinda ya nne. Nati mbili zilikuwa zimeingia kwa vidole tu. Spana ya kipimo ilikuwa pale, karibu na goti langu. Nikaiacha. Nikachukua kopo la rangi, nikachovya brashi, nikachora mstari mweupe juu ya nati ya kwanza, nikachora juu ya pili, kwa mkono uliotulia kabisa. Halafu nikamwita dada yako: "Tayari, funga kifuniko cha chini." Akainama, akaona mistari minane. Akafunga.

Sitawadanganya kwamba nilijua kitakachotokea. Nilidhani itagonga palepale uani, itazimwa, aibu itampata mbele ya majirani, kisha mimi nitaifungua kwa huruma na kumwonyesha kilichomponyoka. Nilitaka awe mwanafunzi wangu tena, basi. Lakini injini ilipofungwa ndani ya gari lako, iliwaka, ikatulia, ikanguruma kwa sauti nzuri ambayo sijaisikia tena. Ukaingia garini, binti yangu, ukaanza kulisogeza polepole kuelekea getini, na kutoka bandani hadi getini ni hatua thelathini. Hatua thelathini Mungu alinipa. Nilifungua kinywa. Naapa mbele zake, nilikifungua, jina lako lilikuwa limefika kwenye ulimi. Ndipo muuza matairi wa jirani akanipiga begani akicheka: "Mzee Spana, sasa kalee wajukuu, fundi wa nyumba hii tumeshamwona!" Watu wakapiga makofi. Nikakifunga kinywa changu.

Mengine mnayajua. Konrodi ilitoboa injini kule barabarani, mafuta yakamwagikia bomba la moto, na wewe ukatoka ndani ya gari mkono ukiwaka. Huo mkono unaoufunika kwa shati la mikono mirefu hata wakati wa joto. Nilikumwagia mchanga kwa mikono yangu hii, nikilia, na watu wakasema, tazameni upendo wa baba. Nilikupenda. Msinielewe vibaya, hilo ndilo linalonitisha: nilikupenda siku zote, na upendo haukunizuia.

Mkono ulipopona kidogo ukafungua injini mwenyewe. Ukazikuta nati mbili zimelala katika mafuta machafu, rangi nyeupe bado ipo. Ukaziweka mezani, ukauliza, "Nani alikaza ya nne?" Kaka yako akanitazama. Mimi nikatazama dirisha. Naye akasema, "Ni mimi."

Usiinamishe kichwa, mwanangu. Leo si siku yako ya kuinama. Najua kwa nini ulisema vile. Hukuwahi kuniambia, lakini niliona ulivyoanza tangu siku hiyo kunisomea maandishi madogo, kunishikia ngazi, kunikatia kucha. Ulidhani macho yamefifia, mikono imechoka, mzee amesahau, na ukaona ni afadhali jina lako livunjike kuliko la baba yako. Ulinifunika uchi wangu. Mtaa ukakubandika jina la "Nati Mbili". Watoto wakakufuata nalo njiani. Hakuna aliyekupa tena gari lake, hata ukaweka spana chini ukaenda kuendesha basi la shule. Na dada yako akafungasha, akaenda kupanga chumba mbali, akisema hawezi kulala nyumba moja na mtu aliyemchorea kiapo cha uongo. Nikayaona yote hayo. Nami mwanangu, nakuambia sasa: macho yangu hayakufifia. Mikono haikuchoka. Sikusahau. Ulikuwa ukifunika uzee ambao haukuwepo.

Ni wivu. Lisemeni jina lake mbele yangu, msiuite ugonjwa.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya waumini nikasoma Maandiko, na mama yenu, aliyeketi safu ya pili, hakuniondolea macho. Yeye alijua. Siku zake za mwisho aliniuliza neno moja tu: "Utawaambia?" Nikasema nitawaambia. Akafa akiamini, au akafa akijua nadanganya. Mungu peke yake ndiye ajuaye, nami ninakwenda kuulizwa.

Wala msidhani kwamba kitanda kimenitakasa. Juzi muuguzi aliyekuja kunibadilishia dawa alisoma jina langu kwenye karatasi, akachangamka: "Kumbe ndiye baba wa yule fundi wa turbo! Magari yanapanga foleni kwake!" Nami niliyekuwa sina nguvu ya kuinua kikombe, nikahisi kitu kinageuka ndani ya kifua, kikachangamka, kizima kabisa. Nikamwambia, "Nilimfundisha mimi." Hata hapa! Mguu mmoja kaburini, nikamwibia mtoto wangu tena. Kwa hiyo jihadharini nacho. Hakizeeki pamoja na mtu. Kinakaa ndani ya mwenye haki na ndani ya msomaji wa Maandiko, na kinapenda zaidi nyumba yenye upendo, kwa kuwa humo hakuna anayekitafuta.

Basi sikieni ninayoagiza.

Mashine ya kukereza ni yako, binti yangu, pamoja na banda na kila kilichomo. Sikupi kama zawadi, nakurudishia. Vifaa vyangu vya mkono, seti nzima na spana ya kipimo, ni vya kaka yako. Usiseme huvihitaji. Utavipokea, hata ukiviacha kabatini miaka kumi, kwa sababu uliupoteza ufundi wako kwa ajili yangu, na mtu hapokonywi kazi yake kisha akaachwa mikono mitupu.

Siku ya kunizika, kabla hamjanishusha, wewe binti usimame useme mbele ya watu wote, muuza matairi akiwepo: nati mbili zilikuwa za baba, hakuzikaza, alizichora makusudi. Useme wewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyeungua na hakuna atakayebishana nawe. Wakitaka kuendelea na lile jina la utani, walipeleke kaburini kwangu, ndiko anakolala mwenyewe. Na wewe, kifungua mimba, nakujua, utataka kumzuia, utasema, "Tumsitiri mzee." Nakukataza. Umenisitiri miaka kumi na mmoja na sitiri yako imeniozea mwilini. Usinifunike tena.

Nipe maji... Kidogo tu. Imetosha.

Mnalia. Usiniambie umenisamehe, binti yangu, naona midomo yako inatafuta neno hilo. Usiliseme leo. Leo utanisamehe kwa sababu ninakufa, na huo si msamaha, ni huruma kwa mgonjwa. Nenda ukakasirike kwanza. Kasirika ipasavyo, vunja kitu. Ukimaliza, kama kutakuwa na kitu kimebaki mkononi, mpe Mungu anifikishie. Yeye anajua niliko.

Lakini msamaha wa kaka yako hauna cha kungoja. Yeye hakukukosea lolote. Miaka yote hii umemchukia mtu asiye na hatia, na hilo nalo ni mimi niliyelipanda, ila kuling'oa... siwezi kuling'oa kwa niaba yenu.

Baraka zangu. Inama... hapana, msiiname, mkono wangu haufiki tena. Bwana awalinde ninyi kwa ninyi. Awape kazi ambayo jicho la mwenzenu likiitazama lifurahi. Anapofanikiwa mmoja, mwingine alale usingizi. Watoto wenu wawazidi, nanyi mseme hivyo kwa sauti, mbele yao, mapema. Na kama baraka inayotoka kinywani humu inawatia kichefuchefu, iacheni hapahapa, mkaombe kwake wenyewe. Hahitaji nipite katikati.

Sasa tokeni. Ndiyo, nyote. Sikuwaita mje kunitazama nikikata roho... Nendeni mkakae ukumbini, viti vitazamane. Mwanzo hamtajua la kusema. Semeni lolote, hata habari za mvua. Kaka ndiye mkubwa, lakini aanze atakayeweza.

Acheni mlango wazi. Nitawasikia kutoka hapa, nami nitawaonea wivu, mimi nisiye na nafasi katika maneno hayo... Acha niuone. Ni haki yangu.

Nendeni. Msirudi mkinisikia nakohoa.