Sanduku la Malalamishi Lisilo na Malalamishi

Mgeni rasmi, afisa wetu wa elimu, karibu Kabazi. Sisi akina mama wa Gredi ya Kumi tumesikia umeleta cheti cha shule isiyo na uonevu. Mbuzi tumechinja. Tunaomba usikie haya kabla hajaiva.

HISTORIA

Mwaka jana, wasichana wageni walipolazwa sakafuni na wakubwa wao, shule ilitengeneza sanduku la malalamishi. Ni sanduku zuri, lina kufuli kubwa kushinda ya stoo ya mahindi. Mwalimu mkuu ana shughuli nyingi, kwa hivyo ufunguo alimpa kiranja wa bweni. Alisema wakubwa ndio wanaojua shida za bweni. Hapo hakukosea.

MAFANIKIO

Tangu Januari hakuna barua hata moja imemfikia mwalimu mkuu. Ndiyo sababu ya cheti.

CHANGAMOTO

Shiru, binti ya mwenzetu Wangui, aliandika kwamba wakubwa wanamnyang'anya mkate na kumfulisha nguo. Chini akaomba jina lake lisitajwe. Jumamosi, kwenye kamba za kuanika, kiranja akalisomea bweni zima ile barua. Mwandiko ukajulikana.

"Wewe, Jina Lisitajwe, kuja hapa. Haya mablanketi manane hayajioshi."

Sasa hata mpishi anamwita hivyo akimpakulia.

Shiru alipokuja nyumbani, Wangui aliona vidole vimepasuka, akadhani ni baridi tu. Akampaka mafuta ya kukamulia ng'ombe. Siku ya tatu ndipo mtoto aliposema, akiangalia ukuta. Wangui akakimbia shuleni na gumboots zake. Mwalimu mkuu alimsikiliza vizuri sana.

"Mama," akamwambia, "hayo mwambie ayaandike, aweke kwa sanduku."

Shiru hajarudi shuleni, na asiporudi Jumatatu, nafasi yake inapewa mwingine. Wangui anapika chai anasahau majani.

MAOMBI

Ufunguo ukae na mtu asiyelala bwenini. Shiru asipoteze nafasi. Na nyinyi wazazi mnaongojea nyama, mtoto akinyamaza msishukuru haraka, mwangalieni mikono.

Mgeni rasmi, Mungu akubariki wewe na watoto wako, akurudishe Nakuru salama, na aushike mkono wako usitie sahihi kabla hujaongea na Shiru. Ameketi kiti cha mwisho, karibu na mlango. Ameificha mikono kwenye sweta, lakini amekuja.

Ni sisi,
Akina Mama wa Gredi ya Kumi, Kabazi.