Kikombe Kimoja kwa Siku

Wapendwa mliokuja kutusindikiza, familia imenipa mimi, mdogo wa marehemu na kitindamimba wa nyumba yetu, kazi ya kuwasomea maisha yake, na mkiona nasoma polepole msidhani ni macho, ipo sehemu huko chini ninayoiogopa, nitaifikia kwa utaratibu.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga karibu na kiwanda cha sabuni, akiwa wa pili kati ya watoto watano wa fundi viatu na mshona mito. Alianza darasa la kwanza Januari 1966, akamaliza shule ya msingi mwaka 1972, na baadaye akasomea ufundi wa mitambo ya mvuke, akahitimu tarehe 28 Novemba 1977, na kwenye cheti mwalimu wake aliandika kwamba ni kijana mtulivu, jambo lililotushangaza sana sisi tuliolala naye chumba kimoja.

Tarehe 3 Januari 1978 aliajiriwa kuangalia boila la chumba cha kufulia nguo hospitalini, akakaa hapo miaka arobaini, hadi tarehe 30 Juni 2018, na wenzake walimwita Bwana Geji, kwa kuwa hata ukimsalimia alikujibu macho yakiwa kwenye geji, kile kipimo cha mvuke, maana boila halina utani, ukisinzia linakulaza moja kwa moja.

Hapohapo ndipo alipompata wifi yangu, aliyekuwa akikunja mashuka, na siku ya kwanza alipomkaribisha chai nyumbani kwetu, wifi alionja, akaweka kikombe chini, akauliza kwa upole, "Hii ni chai, au umesuuza sufuria?" Kaka hakukasirika, alijifunza. Walipofunga ndoa tarehe 15 Desemba 1984, alikuwa tayari na kanuni zake, kwamba maji yakingwe mapya kwa sababu yakichemshwa mara mbili hupooza ladha, birika lipashwe kwanza, majani yafunikwe dakika tano kamili kwa saa ya mkononi, na maziwa yachemshwe peke yake. Walijaliwa binti mwaka 1986 na mwana mwaka 1990, wote wawili wako hapa, na wote wawili wamewahi kufukuzwa jikoni kwa kufunua birika kabla ya wakati.

Tarehe 22 Februari 2021 aligundulika kuwa figo zake zimeshindwa kazi, akaanza kwenda kwenye mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki, na daktari akampa kiasi cha kunywa, nusu lita kwa siku, mchuzi ukiwemo na maji ya kumezea dawa yakiwemo, kwa kuwa ya ziada hayatoki, hujaa mwilini. Kaka alipiga hesabu zake, akaanza kumeza dawa kwa kijiko kimoja cha maji, akaacha mchuzi kabisa, ili abakiwe na kikombe kimoja kizima cha chai, na wifi alikipima kwa jagi lenye alama, na kila asubuhi alimpandisha kwenye mizani, nasi sote tukawa watu wa kushika pumzi mpaka mshale utulie.

Sasa nimefika. Jumapili tarehe 6 Agosti 2023, saa nane mchana, wifi alikuwa ametoka kwenda duka la dawa, na kaka alikuwa ameshakunywa kikombe chake asubuhi. Aliniambia, "Mdogo wangu, nichemshie." Nikamwambia ameshakunywa. Akasema, "Mdomo umekuwa kama tambara. Nusu tu." Nilichemsha, yeye akinielekeza kutoka kitini, nikamimina nusu, nikamtazama uso, nikajaza, na alipomaliza nikamjazia tena. Tuliosha vikombe pamoja, tukicheka kama watoto walioiba sukari.

Saa kumi na mbili jioni kifua chake kilikuwa kinakoroma kwa maji. Alilazwa siku nne, na daktari alipouliza nani kampa maji yote hayo, kaka alisogeza barakoa ya hewa, akasema, "Nilijichotea mwenyewe bombani." Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, nimeshika viatu vyake, nikamwacha daktari aandike hivyo.

Baada ya hapo nilikuja kila Jumapili kumpikia kile kikombe kimoja, nikipima mara mbili, mara tatu, na kila alipokohoa moyo wangu uliruka, hadi yeye ndiye akawa ananituliza. Alifariki dunia tarehe 17 Oktoba 2024, saa tatu asubuhi, moyo ulipochoka, na daktari alisema hakukuwa na uhusiano na siku ile, nilimuuliza mara tatu, akanijibu mara tatu, na bado nilikuwa sipati usingizi.

Jana asubuhi nilimfuata wifi jikoni, nikamweleza yote. Aliendelea kumenya vitunguu. Akasema, "Nilijua siku ileile, majani kwenye chujio yalikuwa bado yanafuka. Ningesema, ungeacha kuja, na kaka yako alikuwa anaanza kuingoja Jumapili tangu Alhamisi." Halafu akanikabidhi kisu nimalizie.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomvumilia na maswali yake kuhusu mitambo yao, majirani waliombeba kwa kiti hadi kwenye gari jioni ile ya Agosti, na wafanyakazi wenzake wa chumba cha kufulia, waliokuja tangu juzi na hawajaondoka. Nami kwa nafsi yangu namshukuru wifi yangu, mbele yenu wote, kwa miezi kumi na minne ya kunifungulia mlango akijua.

Kaka, mimi nimeshasema, nawe pumzika kwa amani.