Mama Balbina, Muuguzi wa Wagonjwa wa Ng'ambo

Tunayemsindikiza leo, Mama Balbina Anselim, alizaliwa Idete tarehe 14 Machi 1941, mtoto wa tatu wa Mzee Anselim na Bibi Dorika. Alisoma hapo hapo hadi darasa la nne, akamalizia la nane kwa masista, kisha akasomea uuguzi. Ukaidi alizaliwa nao, na walimu wake walijionea.

Mwaka 1964 aliajiriwa katika kituo kidogo cha tiba hapa Ifakara, chenye vitanda kumi na viwili. Mwaka uliofuata alifunga ndoa na Bwana Fridolin, mkulima wa mpunga, wakajaliwa watoto watatu.

Wagonjwa wa mjini walichomwa sindano asubuhi, jioni wakala kwao. Wa ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga, walikuja na mkeka, sufuria na mchele wa wiki nzima, na hata wakipona hawakuondoka upesi. Wahudumu waliwacheka kwamba wamehamia. Mmoja alikuja na kuku, na kuku huyo akataga chini ya kitanda. Marehemu alijifanya haoni.

Mwaka 1991 likatoka agizo kituoni: mwisho wa kulala ni siku mbili. Marehemu alilitii. Aprili hiyo alimruhusu Agnella wa Lupiro, huko ng'ambo, aliyejifungua juzi yake. Mto ulikuwa umefurika na pantoni imesimama. Agnella alitokwa damu akisubiri kivukoni, akafariki. Mtoto akalelewa na bibi yake. Kosa hilo marehemu hakulificha wala hakujisamehe. Tangu hapo hakumruhusu mgonjwa kabla ya kumwuliza atarudi kwa njia gani, na aligombana na wakubwa mpaka agizo likafutwa.

Alistaafu mwaka 1996. Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua. Tarehe 3 Februari 1998 daktari alimtaka alazwe. Kilibaki kitanda kimoja, na nyuma yake kwenye foleni alikuwapo Stefania, mama wa ng'ambo, na mwanawe mwenye homa kali. Bwana Fridolin alimsihi mkewe akubali.

"Baba Beatus, sisi kwetu ni hapo tu," alimjibu. "Huyu atarudi wapi na mto umejaa?"

Wakarudi nyumbani taratibu. Alifariki kesho yake saa mbili asubuhi. Inatuuma sana, na Baba Beatus bado anajilaumu.

Ameacha mume, watoto Beatus, Violeth na Careen, na wajukuu saba. Mtoto wa Stefania amepona. Wameruhusiwa leo asubuhi, lakini pantoni bado haivuki, kwa hiyo Baba Beatus amewapa chumba nyumbani kwake mpaka mto upungue.

Pumzika kwa amani, Mama Balbina. Hapo ulipolala hakuna wa kukuharakisha.